Kila Karatasi Ina Mdai Wake

Mwezi wa Januari 1877, Henry Morton Stanley alishuka maporomoko saba ya mto wetu. Alipofika la mwisho, hapa kwa Wagenia, aliandika jambo ambalo mkazi yeyote wa Kisangani anaweza kulikagua bila kufungua kitabu. Alieleza jinsi wavuvi walivyosimika magogo marefu kwenye mianya ya mawe, pale maji yanapopiga kwa nguvu, wakafunga humo migono mikubwa ya kunasia samaki wanaosukumwa na mkondo. Magogo yangali yapo. Migono ingali inategwa, na nafasi ya kutegea bado ni mali ya ukoo. Baba humwachia mwana. Katika hilo Stanley ni shahidi mwema.

Kitabu hicho hicho, Through the Dark Continent, kilichochapishwa 1878, kinasema kwamba aliondoka pwani ya Bagamoyo na watu 356. Shajara aliyoiandika akiwa safarini inataja watu 228. Safari ni moja, mwandishi ni mmoja, na watu zaidi ya mia wameongezeka kati ya daftari na kiwanda cha uchapaji.

Je, tumwite mkweli au mwongo? Swali hilo halitufikishi mbali. Ukweli wa karatasi haukai kwenye jina la mwandishi, wala kwenye uzee wa wino. Kwa kila ukurasa inafaa kuuliza: hapa mwandishi anadai nini, na anamdai nani? Alipoandika habari za migono, Stanley hakumdai mtu kitu. Alipoandika ukubwa wa msafara wake alikuwa anadai heshima, na magazeti mawili yaliyogharimia safari, New York Herald na Daily Telegraph, nayo yalikuwa yanamdai habari kubwa.

Jambo hili ni la kale kuliko mto wetu kuitwa Kongo kwenye ramani. Mwaka 1274 hivi kabla ya Kristo, Farao Ramesses wa Pili alipigana na Wahiti huko Kadesh, katika Syria ya leo. Kuta za mahekalu yake zinasimulia kwamba alishinda karibu peke yake. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, yanaonyesha kwamba baada ya vita nchi ya Amurru ilirudi mikononi mwao. Miaka kumi na tano hivi baadaye mahasimu hao waliandikiana mkataba wa amani. Maneno ya pande zote mbili yamesalia, na kila upande unasema aliyeomba amani ni mwenzake. Huku kwetu, tarehe ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili: moja ya Kireno, katika kitabu cha João de Barros cha 1552, na nyingine ya Kiarabu, katika hati iliyohifadhiwa London. Orodha zake za wafalme hazilingani. Kwa bahati, sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan zilizookotwa pwani hazimsifu wala hazimlaumu mtu. Zinathibitisha tu kwamba mtawala wa jina hilo alikuwepo.

Mto kati ya Nyangwe na Basoko ni shule nzuri ya usomaji wa namna hii. Hati zake za kwanza ni chache, zinagongana, na mahali pake pote panaonekana hadi leo. Tuufuate basi kama maji yanavyoufuata.

Tuanzie Maniema, mbali juu ya maporomoko. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akiwa ameishiwa karatasi. Akachukua gazeti kuukuu la The Standard la London, akaandika juu ya mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kutokana na matunda ya porini. Tarehe 15 Julai mwaka huo, siku ya soko, watu wa misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani walifyatua risasi katikati ya umati, wengi wao wakiwa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Waliotoroka risasi walizama mtoni. Taarifa ya Livingstone ilipofika Uingereza iliwatia watu hasira, na hasira hiyo ilichangia shinikizo lililomlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, wasomaji wengi waliijua siku hiyo kupitia kitabu kilichohaririwa na rafiki yake Horace Waller na kuchapishwa 1874, baada ya Livingstone kufariki. Gazeti lenyewe lilikuwa halisomeki tena, wino ukiwa umefifia juu ya herufi za chapa. Mwaka 2011 kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lililipiga picha kwa mianga ya aina nyingi, na maandishi yakajitokeza. Mauaji yalikuwepo, hilo halikubadilika. Kilichojitokeza upya ni habari za watu wa Livingstone mwenyewe, watumwa wa mabaniani wa Unguja aliokuwa ametumiwa kama wapagazi. Maandishi ya kwanza yanaonyesha walivyokuwa wakorofi, na yanaacha shaka kama mikono yao ilikuwa safi siku ile. Alipokuja kunakili habari hizo katika daftari lake rasmi, Livingstone alizipunguza makali.

Hili linatupa kanuni ya kwanza ya njiani. Mtu huandika kwa sauti kubwa yale anayowadai wengine, na kwa sauti ndogo yale anayodaiwa yeye. Anayetafuta ukweli asikilize zaidi hiyo sauti ndogo.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 1876, Stanley alikutana karibu na Kasongo na mfanyabiashara mkubwa wa pembe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Walipatana kwamba amsindikize kwa vituo sitini, kwa sababu watu wa Stanley waliogopa msitu. Kwa malipo kiasi gani? Stanley ameandika dola 5,000. Tippu Tip, katika Maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili akiwa mzee Unguja, anasema aliahidiwa riali 7,000. Mmoja alikuwa mlipaji na mwingine mlipwaji, na kila mmoja kakumbuka hesabu inayomfaa. Tukumbuke pia kwamba Maisha yaliandikwa robo karne baada ya tukio, baada ya Stanley kumfungulia Tippu Tip kesi huko Unguja kisha kuiacha. Nayo yametufikia kupitia mkono wa Mjerumani Heinrich Brode, aliyeyageuza kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903.

Hata hivyo kitabu hicho kina ukurasa mmoja ninaouamini kuliko kurasa nyingi za Wazungu. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyoupata utawala wa Utetela bila vita. Alikuwa amesikia kwamba zamani dada za chifu Kasongo Rushie walitekwa na kupelekwa mbali. Akafika kwa mzee huyo, akajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wa wanawake hao, akataja majina yanayofaa, na mzee akamkabidhi nchi. Msimuliaji haoni haya. Anasimulia kama hodari anavyosimulia werevu wake. Wale wanaosema kwamba karatasi hudanganya na mapokeo ya mdomo ndiyo hutunza ukweli, wausome ukurasa huu mara mbili. Nasaba nayo hughushiwa. Tofauti ni kwamba aliyeighushi hii alituachia maelezo.

Stanley na Tippu Tip waliachana mwishoni mwa Desemba 1876. Mitumbwi ya Stanley ikaingia kwenye maporomoko, ambayo leo mtu huyazunguka kwa pikipiki kwenye njia ya Ubundu, sambamba na reli iliyofunguliwa 1906 na sasa imezama katika majani. Yeye alihangaika karibu mwezi mzima kuyavuka, akikokota mitumbwi nchi kavu na kupigana karibu kila siku. Kisha mto ukatulia na kupanuka, na tarehe 1 Februari 1877 akafika mahali Aruwimi inapoingilia mto mkubwa, palipo Basoko ya leo.

Kwenye maungano hayo tuna jambo adimu katika historia ya uvumbuzi: ushahidi wa pande mbili. Stanley anasema mitumbwi 54 ilimjia, mmoja ukiwa mkubwa ajabu, wenye wapiga kasia themanini. Anaeleza ngoma, pembe zinazopulizwa, manyoya vichwani na kelele za vita. Anasema alishambuliwa, akajihami. Upande wa pili yuko chifu Mojimba. Miaka mingi baadaye alimsimulia kasisi Mjerumani, Joseph Frässle, kwamba waliposikia habari za mtu mweupe anayeshuka na mto walidhani ni ndugu yao aliyekufa akirudi kutoka majini. Wakaamua kumpokea kwa heshima. Wakajipamba, wakashusha mitumbwi mikubwa, wakapiga ngoma na kuimba. Walipokaribia, fimbo za chuma zikatema moto na watu wakaanza kuanguka.

Nani mkweli? Ukiziweka karatasi hizi bega kwa bega, utaona kwamba hazipingani juu ya kilichoonekana. Mitumbwi mingi, mapambo, ngoma na nyimbo vimo katika habari zote mbili. Tofauti iko katika nia, na nia ndiyo kitu ambacho Stanley hakuwa na njia ya kukijua kutoka kwenye mtumbwi wake. Alisikia sauti akaipa maana.

Zingatia ngoma. Kilomita chache chini ya Kisangani, huko Yakusu, mmisionari John Carrington alikaa miaka mingi miongoni mwa Walokele. Katika kitabu chake cha 1949 alieleza kwamba ngoma zao za gogo husema maneno. Lugha yao ina toni za juu na za chini, na ngoma ina sauti mbili zinazozifuata. Kwa kuwa maneno mengi hufanana toni, mpigaji hutumia kishazi kirefu badala ya neno moja ili msikilizaji asichanganyikiwe. Kwa ngoma hutangazwa msiba, kuzaliwa kwa mtoto, kuja kwa mgeni, mwito wa kukusanyika. Stanley alisikia ngoma zikimtangulia mto mzima, na kalamu yake ikaziita za vita. Baadhi yake huenda zilikuwa za vita kweli. Lakini shahidi asiyejua lugha anaweza kuapa kwamba kulikuwa na sauti. Asiape juu ya ilichosema.

Tumsikilize Mojimba naye kwa tahadhari ile ile. Alisema akiwa mzee, wakati nchi yake ilikuwa imeshapita katika miaka ya mpira na bunduki. Alisema mbele ya padri, na maneno yake tunayo kwa Kijerumani, siyo kwa lugha yake. Naye alikuwa na dai: kwamba watu wake hawakustahili kuuawa. Ni dai zito, lakini ni dai.

Kinachoamua mambo ni kile ambacho mahasimu wanakubaliana bila kukusudia. Mojimba anasema wageni waliwafuata hadi kijijini, wakapora. Stanley, bila aibu yoyote, anaandika kwamba baada ya kuwashinda aliwafuata hadi kijijini, akakuta kibanda ambacho paa lake lilishikiliwa na pembe 33 za ndovu, akachukua hizo pamoja na vipande vingine, jumla vipande 133, ambavyo alikadiria vingeuzwa kwa dola 18,000 hivi. Hakuona kwamba anaungama. Aliyetoka kujihami hana haja ya kuhesabu pembe za mwenzake, na hesabu hiyo, iliyoandikwa kwa mkono wake, inampa Mojimba nguvu kuliko hoja yoyote ya baadaye.

Kutoka Basoko turudi juu ya mto. Tarehe 1 Desemba 1883 Stanley alifungua kituo hapa kwenye maporomoko, akamwacha fundi Mskoti aitwaye Binnie na watu wachache. Baadaye watu wa Tippu Tip wakajenga jirani. Agosti 1886 pande hizo mbili zilipigana. Mkuu wa kituo, Deane, akakimbilia msituni, na kituo kikateketea. Taarifa za wakati huo zinataja chanzo cha ugomvi: mwanamke mtumwa aliyepigwa na bwana wake, akakimbilia kituoni, naye Deane akakataa kumrudisha. Maofisa wakaeleza upande wao, Tippu Tip akaeleza upande wa jamaa zake, hasa Rashid mwana wa ndugu yake. Kila mmoja alikuwa na hasara ya kudai. Mwenye hasara kubwa kuliko wote alikuwa mwanamke yule, na neno lake mwenyewe hakuna aliyeliandika. Upungufu mkubwa wa kumbukumbu zetu hauko kwenye uongo uliomo ndani yake. Uko kwa wale ambao hawakuulizwa.

Mwaka uliofuata Stanley alimfanya Tippu Tip kuwa wali wa maporomoko kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, kisha akapita Yambuya, juu ya Aruwimi, kwenda kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekuwa amekwama kusini mwa Sudan. Kikosi alichokiacha nyuma kiliangamia kwa njaa, magonjwa na fimbo. Kamanda wake, Barttelot, aliuawa kwa risasi Julai 1888. Msaidizi wake, Jameson, alikufa kwa homa mwezi uliofuata. Ndipo vikaja vitabu. Kati ya 1890 na 1891 zilichapishwa habari za Stanley, shajara ya Jameson iliyotolewa na mjane wake, ya Barttelot iliyotolewa na ndugu yake, na habari za Troup na za Ward. Kambi moja, vitabu vitano, na kila kitabu kinaelekeza kidole kwa mwenye kitabu kingine, wengi wakimwongeza Tippu Tip aliyechelewa kuleta wapagazi 600. Yeye alijitetea kwamba hakupewa baruti iliyoahidiwa. Mwanafunzi anayesoma kimoja tu kati ya hivyo atatoka na hukumu kamili. Anayesoma vitano atatoka na kambi yenyewe: upungufu wa chakula, maradhi, mipigo. Hayo yamo katika vyote, maana hakuna aliyeona haja ya kuyakana.

Septemba 1890 alifika hapa baharia Mpolandi kwenye meli ya Roi des Belges. Huyo ndiye Joseph Conrad. Wakati wa kupanda mto alikuwa na daftari la kazi, na ndani yake aliandika mafungu ya mchanga, visiwa, vigogo vilivyozama, na upande salama wa kupita. Daftari hilo lingemfaa nahodha mwenzake. Miaka tisa baadaye alitoa riwaya ambayo kituo chake cha mwisho, kwa maelezo ya wasomi, ni Kisangani: msitu, giza, mzungu mmoja aliyepotoka. Mji wa Waungwana (wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani), wenye nyumba na mashamba ya mpunga, uliokuwapo hapa siku alizoshuka, haumo. Riwaya haina kosa kuwa riwaya. Kosa ni la wale walioisoma kama ramani, na daftari la mchanga wakaliacha kabatini.

Karatasi nyingi za Stanley leo ziko Tervuren, Ubelgiji, na mtafiti wa Kisangani anahitaji viza ili asome habari za mtaa wake. Lakini somo la njia hii siyo la watafiti peke yao, kwa sababu mji huu ungali unaandikwa, na madai yangali yanahesabiwa.

Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya Kisangani kwa siku sita. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa vitendo vyake nchini Kongo. Kongo ikadai fidia ya zaidi ya dola bilioni 11 kwa maeneo yote yaliyoathirika. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikaamuru dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Kongo ilitaja raia 180,000 waliouawa. Mahakama ikakubali makadirio ya kati ya 10,000 na 15,000. Sababu moja kubwa ilikuwa karatasi. Fomu nyingi za wahanga zilifika bila cheti cha kifo, bila hati ya nyumba, bila shahidi wa pili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; na roho za watu nazo zimeingia katika methali hiyo. Mfuko wa kugawa fidia, FRIVAO, uliwekewa makao hapa hapa Kisangani, na kazi yake ngumu ni ile ile tuliyokutana nayo Basoko: kupambanua dai na tukio, bila kumwonea aliyepoteza kila kitu pamoja na karatasi zake.

Kwa hiyo anayekusanya ushuhuda leo, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, paroko, au mjukuu mwenye simu ya kurekodia, afanye yale ambayo hawa wote hawakuyafanya. Aandike kwanza kwa lugha ya msemaji, tafsiri ije baadaye. Aandike tarehe, mahali, jina la aliyeuliza, na nani aliyelipia kazi hiyo. Amuulize pia mtu ambaye hakuna anayemdai wala kumlipa. Na akifika mahali ambapo ukweli unawaumiza watu wake mwenyewe, asiupunguze makali anapounakili, kwa sababu msomaji wa mwaka 2150 atapima kurasa zake zote kwa huo mmoja.